Umekaa miaka mingi bila kuungama? Namna ya kurudi kwenye kitubio hatua kwa hatua

Tumsifu Yesu Kristo ndugu zangu. Haya naandika kwa ajili ya mtu mmoja tu, yule ambae kila jumapili yupo kanisani, anaimba, anatoa sadaka, ila ikifika komunyo watu wakapanga foleni yeye anabaki kwenye benchi kwa sababu hajaenda kitubio, yani hajaungama dhambi zake kwa padre, anainamisha kichwa kama anasali au anajifanya anatafuta kitu kwenye mkoba. Mi nlikaa ivo miaka 9. Benchi langu lilikua la nne kutoka nyuma, karibu na nguzo, na nlilichagua kwa sababu ya iyo nguzo.

Kilichonitoa kwenye meza ya Bwana ni hela ya rambirambi. Nlikua mweka hazina wa jumuiya yetu ndogondogo (wakatoliki majirani tunaosali pamoja), mwenzetu mmoja akafariki, tukachangishana ikafika shilingi 210,000, mi nikampelekea mjane 90,000. Ile 120,000 nlibaki nayo nikijiambia nakopa tu, pikipiki imekufa injini, mwezi ukiisha narudisha. Haikurudi. Jumuiya iliyofuata yule mama alisimama akatushukuru wote, akanitaja na jina, na mi muda wote nlikua naomba Mungu asitaje kiasi. Hakutaja. Kuanzia siku iyo kila nikitaka kwenda kuungama miguu inagoma.

Sasa najua wapo wengi kwa sababu tofauti, mwingine ni mimba aliyotoa akiwa chuo, mwingine uchumba sugu (kuishi na mtu bila ndoa), mwingine alienda kwa mganga kisha akaona aibu, mwingine hana ata dhambi kubwa ila aliacha tu na miaka ikapita. Nawaandikia kama mkatoliki wa kawaida, sio padre wala katekista. Ndugu zetu wa madhehebu mengine nao humu watakuta yao.

HATUA YA 1: Maliza kwanza lile swali la "kwanini nimwambie mwanadamu"

Usipolimaliza hili utafika mlangoni utarudi. Maana kuna rafiki yako atakwambia we nenda chumbani kwako piga magoti mwambie Mungu yatosha, padre nae ni mwenye dhambi kama wewe. Na hapo kwenye padre kuwa mwenye dhambi amesema kweli kabisa, padre nae anaungama, kwa padre mwenzie, na ata Papa anaungama.

Ila fungua Yohane 20. Ni jioni ile ile ya ufufuko, mitume wamejifungia ndani kwa hofu, Yesu anasimama katikati yao, anawavuvia, anasema "Pokeeni Roho Mtakatifu. Wowote mtakaowaondolea dhambi, wameondolewa. Na wowote mtakaowafungia dhambi, wamefungiwa." Angalia anawaambia kina nani. Siku tatu tu nyuma walikua wamemkimbia, na Petro alimkana mara 3 mbele ya moto wa makaa. Yani mamlaka ya kuondoa dhambi walipewa watu ambao wenyewe walikua wametoka kusamehewa muda ule ule, hawakupewa kwa sababu ni wasafi. Mi nikisoma apo uwa naona ndio sababu padre akiwa na roho ya ukali kwenye kitubio anakua amesahau yeye ni nani.

Alafu jiulize, mtu atajuaje aondoe au afunge kama hajaambiwa kitu? Ndio maana tunasema kwa mdomo. Na hii haikuanza na wakatoliki, Daudi alipochukua mke wa Uria na kufanya mumewe auawe, aliekuja kumkabili ni nabii Nathani, mtu wa nyama na damu. Daudi akasema nimemfanyia Bwana dhambi, na jibu likatoka kwenye mdomo wa yule yule Nathani kwamba Bwana ameiondoa dhambi yako. Ipo 2 Samweli 12. Daudi alikua anajua kusali mwenyewe kuliko sisi wote, ila alihitaji kuisikia kwa masikio.

Anaesamehe ni Mungu. Kanisa ni mlango tu, funguo alipewa Petro (Mathayo 16), na kufunga na kufungua wakapewa mitume wote (Mathayo 18). Na mwenye funguo kazi yake sio kusimama mlangoni kuonyesha watu kwamba anazo, kazi yake afungue.

Kwa upande wa ndugu zetu Walutheri, wengi hawajui kwamba Luther mwenyewe, pamoja na ugomvi wote ulioanza 1517 juu ya vyeti vya rehema, hakufuta kuungama kwa mchungaji, ameweka sehemu yake kabisa kwenye katekisimu yake ndogo. Na kule mtu alietengwa hurudishwa kundini mbele ya usharika, ambayo ni mamlaka ile ile ya kufunga na kufungua. Waanglikana nao wanaweza kuungama faragha kwa kasisi. Kwaiyo kama we ni wa huko, mwendee mchungaji wako umuulize, usidhani ni jambo la kigeni.

HATUA YA 2: Acha kusema dhambi yako ni kubwa kuliko Kanisa

Hapa nitakaa kidogo kwa sababu hapa ndipo mi nlipokwama.

Mwaka 250 Kaizari Decius wa Roma alitoa amri kila mtu atoe sadaka kwa miungu ya dola, na ukishatoa unapewa cheti chenye mashahidi kwamba fulani ametoa sadaka mbele yetu. Baadhi ya vyeti ivo vimekutwa Misri kwenye mafunjo (karatasi za kale), vipo mpaka leo. Sasa wakristo wengi waliogopa. Kule Karthago, Afrika yetu hii ya kaskazini, Tunisia ya leo, wapo waliokwenda wenyewe kutoa sadaka, na wapo waliotoa hela chini ya meza wakapewa cheti bila kutoa sadaka yoyote, rushwa ya cheti haikuanza jana. Mateso yalipopoa, hao wote wakaanza kugonga mlango wa Kanisa wanalia wanataka kurudi.

Askofu alikua Sipriani. Yeye mwenyewe alijificha wakati wa mateso na watu walimsema sana. Akajikuta katikati ya makundi mawili. Huku kuna waliofungwa na kuteswa kwa ajili ya imani, watu wanaoheshimiwa kuliko ata askofu, baadhi yao wakawa wanaandika vikaratasi vya kumrudisha mtu kwenye ushirika bila toba yoyote, chukua karatasi hii kapokee komunyo. Na kule Roma kuna padre anaitwa Novasiano anasema hapana, aliemkana Kristo ndio basi, Kanisa halina uwezo wa kumsamehe, abaki nje mpaka afe amwachie Mungu.

Mwaka 251 maaskofu wa Afrika wakakaa. Wakaamua hapana kwa wote wawili. Watu watapokelewa, ila kwa njia ya toba, na kila mmoja aangaliwe alifanya nini, alienunua cheti sio sawa na aliekimbilia madhabahuni kwa miguu yake. Hao wa pili walipewa toba ndefu sana, ila mateso mengine yalipokaribia maaskofu wakalegeza, wasiwaache watu waingie vitani bila chakula, yani bila komunyo. Novasiano akajitenga na kanisa lake la watu safi. Sipriani alikatwa kichwa kwa ajili ya imani tarehe 14 Septemba 258.

Sasa ndugu yangu, ikiwa mtu alimkana Kristo hadharani akapewa na cheti na bado Kanisa likasema njoo, we na mimba ile, we na ile hela, we na yule mganga, unajiweka kwenye kundi gani? Ukisema yangu haisameheki unamfuata Novasiano bila kujua.

Kwenye mimba niseme wazi kwa sababu kina dada wengi wanatishwa. Zamani sehemu nyingi padre wa kawaida alihitaji ruhusa ya askofu kuondolea dhambi ya kutoa mimba. Novemba 2016, mwisho wa mwaka wa huruma, Papa Fransisko aliwapa mapadre wote uwezo huo. Kwaiyo padre yeyote aliyeko hapo parokiani na ruhusa ya kuungamisha anatosha, huna haja ya kupanda basi mpaka kwa askofu.

HATUA YA 3: Jichunguze, na ufanye na kalamu

Tafuta usiku mmoja watu wamelala. Chukua karatasi, sio simu tafadhali, simu zetu zinashikwa na watoto na wake na waume na mafundi. Pita kwenye amri kumi moja moja. Usiandike hadithi, andika jambo na makadirio ya idadi.

Dhambi ya mauti ina masharti matatu yote kwa pamoja, jambo lenyewe ni zito, ulijua ni zito, na ulikubali kwa hiari yako. Likikosekana moja basi uzito unapungua, na uwa inasaidia sana watu wenye wasiwasi wa kuona kila kitu ni mauti. Zile za mauti ndizo unatakiwa kuzitaja zote kwa aina na idadi kadiri unavyokumbuka. Nyingine ni vizuri kuzitaja ila sio lazima.

Watu wengi wanaruka amri ya kwanza wakidhani haiwahusu, kumbe hirizi ipo kwenye godoro, na kitabu cha nyota kipo kwenye simu. Amri ya saba (usiibe) nayo watu wanatafuta kama wameiba kuku, mshahara wa dada wa kazi miezi mitatu haujalipwa mtu haoni. Hela ya kikoba. Risiti ya kuongeza sifuri ofisini. Mpaka wa shamba uliosogezwa wakati jirani yupo hospitali. Amri ya nane (usiseme uongo), ile picha ya mtu uliyoituma kwenye magrupu matatu ya WhatsApp bila kujua kama ni kweli, we uliandika tu "nimetumiwa kama ilivyo".

Alafu yale ambayo hukufanya. Tunasali kila jumapili nimekosa kwa kutotimiza wajibu tunapita haraka. Mama kijijini hujampigia miezi mingapi?

Kama umekaa miaka 10 au 20 hautakumbuka yote, na wala hautakiwi kujitesa. Ulizosahau kwa nia njema zinaondolewa pamoja na nyingine, ukikumbuka baadae iliyo nzito unaitaja maungamo yanayofuata. Tatizo ni kuficha makusudi. Ukificha moja kwa makusudi umeharibu yote na umeongeza nyingine.

Na majuto. Hapa watu wanaogopa wanasema mi silii, sina uchungu. Machozi sio sharti. Ata kama kinachokupeleka ni hofu ya jehanamu au unaona tu ubaya wa dhambi yenyewe, iyo inatosha kuingia kwenye kitubio, majuto ya upendo utaendelea kuyaomba. Kinachotakiwa ni kwamba kweli hutaki tena. Sio kwamba una uhakika hutaanguka, uhakika huo hakuna alie nao.

HATUA YA 4: Tafuta padre na muda

Parokia nyingi zina ratiba, mara nyingi jumamosi jioni au kabla ya misa, soma kwenye ubao wa matangazo au uliza ofisi ya parokia. Kwaresima na Majilio (kabla ya Krismasi) wanaleta mapadre wengi siku moja, ila kama una ya miaka mingi mi nakushauri usiende siku iyo, foleni inafika getini na utajisikia unaharakishwa. Mpigie padre mwambie tu "Padre naomba muda wa kuungama, ni wa muda mrefu kidogo." Ataelewa, ameshasikia sentensi iyo mara nyingi.

Sio lazima awe paroko wako (padre mkuu wa parokia). Sheria ya Kanisa inakupa haki ya kuungama kwa padre unaemchagua, kwaiyo kama paroko ni shemeji yako au mnaonana kila siku kwenye kamati ya ujenzi nenda parokia ya jirani, panda daladala. Pia una haki ya kuungama nyuma ya wavu, asikuone uso.

Hakuna kuungama kwa simu wala kwa meseji. Kanisa limeshasema sakramenti haziadhimishwi kwenye intaneti, inabidi mwili wako uwepo. Kama ni mgonjwa padre anakufuata, mwambie mwenyekiti wa jumuiya akafikishe taarifa.

Na hela hakuna. Kitubio hakilipiwi ata shilingi 1. Ukikutana na mtu yeyote, awe na cheo gani, anakwambia msamaha una gharama, au ununue mafuta au maji ndio dhambi itoke, ondoka apo taratibu.

Kuhusu siri, maana ndio hofu kubwa. Padre hawezi kusema uliyomwambia kwa mtu yeyote, sio kwa mumeo, sio kwa askofu, sio kwa polisi wala mahakama. Akivunja siri moja kwa moja anakua amejitenga na Kanisa papo hapo na kuondolewa adhabu iyo ni mpaka Roma. Na inaenda mbali zaidi ya kutosema, haruhusiwi ata kuitumia. Kuna mfano wanaoupenda walimu wa dini, mtunza sakristia (chumba cha vifaa vya misa) ameungama kwa padre kwamba anaiba sadaka. Padre hawezi kesho yake kumnyang'anya funguo za kabati kwa sababu ya alichosikia kule. Ata kukukumbusha wewe mwenyewe nje ya kitubio hawezi mpaka we ndio umruhusu. Mi baada ya kuungama nlikutana na padre wangu kwenye harusi, tukaongelea mvua.

HATUA YA 5: Ukiingia

Piga magoti au kaa. Fanya ishara ya msalaba. Sema "Padre naomba baraka yako kwani nimekosa, sijaungama miaka 9." Kama hukumbuki utaratibu mwambie ivo ivo, "Padre nimesahau inavyoenda nisaidie," atakuongoza kwa maswali na ndio kazi yake. Mi nlisema iyo sentensi alafu nikanyamaza, nadhani ilipita dakika nzima, akasema tu "karibu nyumbani, anza na ile inayokukera zaidi."

Nakupa ushauri huo huo. Anza na ile kubwa. Ukianza na ndogo ndogo za hasira na kuchelewa misa utafika katikati moyo utakwambia hii ya mwisho tuiache mpaka siku nyingine.

Taja dhambi zako, sio za mkwe wako. Unakuta mtu anaungama dakika 15 na zote ni za mumewe. Usitaje majina ya uliokosa nao, na padre hatakiwi kukuuliza jina la mwenzio, akiuliza una haki ya kutokujibu. Hauhitaji kueleza kwa undani mambo ya chumbani, jambo na idadi basi, na kama kuna kitu kinachobadilisha dhambi yenyewe, mfano mwenzio ni mke wa mtu, utakitaja.

Akimaliza kukushauri atakupa malipizi (sala au tendo la kufidia dhambi) na atakwambia usali sala ya kutubu, ile ya "Mungu wangu nimetubu sana niliyokosa kwako". Ukiwa umeisahau sema kwa maneno yako. Alafu sasa nyamaza usikilize. Atanyosha mkono na utasikia "nami nakuondolea dhambi zako kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu." Usiwe bado unawaza kama ulisema kila kitu sawasawa, watu wengi wanaikosa hii sentensi kwa sababu ya kuwaza. Padre hasemi "Mungu akipenda atakusamehe", hasemi naomba usamehewe, anasema nakuondolea, ni Kristo anasema kwa mdomo wake. Ndio ile jioni ya Yohane 20 imekufikia wewe, pale, na feni inapiga kelele.

Mi nlitoka nikakaa kwenye ngazi za nje. Sikulia. Nlihisi njaa tu, njaa kali kama mtu alieumwa malaria siku nyingi kisha homa ikashuka.

Itokee padre amekufokea, na inatokea, mi nikiwa kijana nlifokewa mpaka nikaapa sirudi, usimwache Mungu kwa sababu ya sauti ya mtu mmoja. Nenda kwa mwingine wiki iyo iyo.

Je anaweza kukunyima maondoleo? Anaweza, ni kule "kufungia". Ila sio kwa sababu dhambi ni kubwa, ni kama hujaiacha. Mtu anaungama wizi na ukimuuliza anakwambia jumanne naendelea, hapo padre aondoe nini? Wa uchumba sugu mara nyingi wanaogopa hapa. Nenda ata ivo. Muelezee padre hali yenu ilivyo, kama mahari haijaisha, kama mwenzio hataki, kama kuna ndoa ya nyuma, kuna namna ya kuanza na mapadre wameshazibariki ndoa za watu wenye wajukuu. Kukaa nyumbani ukisubiri mambo yanyooke yenyewe ndio kunakoua.

Na kuna mtu mmoja nataka nimwambie kitu tofauti kabisa. Kama we ndio ulipigwa, ulibakwa, ulichezewa ukiwa mtoto, ile sio dhambi yako, usiende kuiungama kama yako. Na mtu akikwambia wewe mkristo inabidi usamehe kwaiyo rudi kwa anaekupiga na ufute kesi, anakudanganya. Kusamehe ni kuacha kisasi moyoni na inaweza kuchukua miaka. Kwenda dawati la jinsia polisi ni haki yako na haipingani na Injili ata kidogo.

HATUA YA 6: Malipizi, na kurudisha

Zile Salamu Maria tatu ulizopewa zisali siku iyo iyo, usiweke kesho, utasahau. Pia panga lini utarudi. Sheria ya mtaguso (mkutano mkuu wa maaskofu) wa Laterano tangu mwaka 1215 ni walau mara 1 kwa mwaka, ila hicho ni kiwango cha chini kabisa, mi naenda kila mwezi na imenisaidia maana kitu cha mwezi mmoja kinasemeka.

Ila kazi yenyewe ni kurudisha. Maondoleo yanaondoa dhambi, hayaondoi deni. Ulichoiba ni cha mwenyewe, uliemchafua jina inabidi jina lake ulisafishe pale pale ulipolichafulia, kama ni kwenye grupu basi kwenye grupu. Zakayo hakuambiwa na mtu, alisema mwenyewe kama nimemdhulumu mtu narudisha mara nne.

Sio lazima ujianike. Kama kujitaja kutakuharibia kazi au ndoa unaweza kurudisha bila jina, ata kupitia kwa padre mwenyewe, utampa bahasha na atafikisha bila kusema ni ya nani. Mwenye mali akiwa amefariki unawapa warithi wake. Ukikosa kabisa wa kumpa unatoa kwa maskini, ila usianze na maskini wakati mwenye mali yupo na unamjua anapokaa. Hauna hela yote? Anza na uliyonayo.

Padre aliniambia nirudishe 120,000 kwa namna ninayoona mwenyewe. Nlitaka kutumia bahasha. Kisha nikakumbuka yule mjane alivyonitaja jina mbele ya watu, nikaona bahasha haitoshi. Nlienda jioni, nikamkuta anachambua mchele kwenye ungo nje, akanikaribisha kigoda. Nikamwambia yote bila kupamba. Nikaweka hela pembeni ya ungo.

Hakuzigusa. Aliendelea kutoa chuya na mawe madogo, akasema taratibu "jeneza tulikopa. Nlimaliza kulilipa mwezi wa nane." Msiba ulikua mwezi wa pili. Nikamuomba msamaha tena, akasema "padre kashakusamehe, mimi nisubiri."

Kwaiyo ujue na ilo, msamaha wa Mungu unaupata siku iyo iyo kwenye kitubio ila aliekosewa ana muda wake, humlazimishi, humtumii mwenyekiti wa jumuiya akamwombe akusamehe haraka, na humsomei mistari. Unarudisha, unaondoka, unaendelea kumsalimia.

Jumapili iliyofuata nlipanga foleni ya komunyo. Alikua watu wawili mbele yangu.